Wastani wa Juma la Treni

Jambo hili liligharimu darasa moja la mchana. Nasema mapema ili asiyetaka kusoma zaidi aende na hesabu yake: darasa zima, na mabenchi yake, na watoto waliokuwa wanaingia pale jua likiwa utosini, mikono ikinuka mafuta ya mandazi. Liligharimu pia urafiki wangu na mtu aliyenifundisha kazi. Huo wa pili nauandika kwa sauti ya chini, maana mtu mzima anaweza kuishi bila rafiki. Mtoto wa miaka kumi na mitatu bila darasa, sijui.

Nimetoka kazini majuzi. Walinipa kitenge, wakanipa hotuba, wakanipa soda ya moto. Hotuba ilisema nimefundisha takwimu kwa moyo wa upole. Niliwahesabu waliokuwa meza kuu, nikawahesabu tena, nikitafuta aliyewahi kukaa darasani mwangu. Hakuna hata mmoja. Huo upole sijui waliutoa wapi.

Wadogo zangu mnaobaki pale institut, chuo chetu, mliniomba niandike namna tulivyofanya kazi. Naandika. Vyeo nitaviruka. Mshahara nitauruka pia, kwa kuwa wenyewe ulikuwa unaruka miezi.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimeshika diploma ndani ya plastiki isilowe. CT Banza hakuiangalia. CT, kwa msomaji wa nje, ni chef de travaux, yule anayebeba mzigo kati ya asistani na profesa. Na Banza aliubeba kweli. Alinisukumia fungu la karatasi za maswali zilizorudi kutoka Kabondo-Dianda, nyingine zimelowa njiani mpaka wino umehama kutoka jibu la ndiyo kwenda jibu la hapana. Akasema neno moja, “Hesabu.”

Ile kazi wanafunzi wanaiita dépouillement: unafungua karatasi moja moja, unachora vijiti kwa kila jibu, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Nilipomaliza nilimpelekea.

“Sasa mupe mwenzako ahesabu,” alisema. “Usimwambie weye umepata ngapi.”

“Shi nimeshahesabu, CT?”

“Umehesabu mara moja. Mara moja iko mawazo ya muntu. Mara mbili njo hesabu.”

Nilimpenda papo hapo, nakubali. Mama yangu alikuwa anauza mandazi na mayai ya kuchemsha kwenye gare ya treni, na mimi nilikuwa mkono wake wa kushoto. Treni haimngojei anayetafuta chenji. Pale nilijifunza kuhesabu mara ya kwanza mteja akiniangalia, na mara ya pili akiangalia pembeni. Nilikuwa sijui kwamba kumbe kuna wazee wenye miwani wanaofanya vilevile na kuiita elimu.

Banza alinifundisha yote ninayoyajua. Alichonga penseli kwa wembe mpaka ncha ikawa kama mwiba wa samaki, akachora nukta kwenye karatasi ya miraba, akakataza mtu kugusa kikokotoo kabla nukta hazijakaa. “Macho kwanza,” alisema. “Kikokotoo hakina macho.” Mwanafunzi akileta jibu bila mchoro, alirudishiwa karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha panya aliyekufa.

Nilipopewa somo mwenyewe, wastani niliufundisha kwa kuku. Wanawake watano wamenunua kuku sokoni. Wanne wamebishana mpaka jasho, wakapata kwa elfu kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita, kumi na sita. Wa tano ni mke wa mwanajeshi wa Baze, kambi ya jeshi ya mji wetu. Mume amelipwa jana, ametoa elfu thelathini na nane bila hata kushuka kwenye pikipiki. Jumlisha, gawa kwa tano: wastani ni elfu ishirini. Haya, nionyesheni mwanamke aliyenunua kuku kwa elfu ishirini. Hayupo. Sasa panga bei kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ile ya katikati, mediani: elfu kumi na sita. Hiyo ndiyo bei ya kuku. Ile nyingine ni bei ya kuku iliyochanganywa na mshahara wa jeshi.

Kila mwaka mke mmoja wa mwanajeshi alinyanyua mkono. “Mama Kalenga, juu ya nini ni sisi tu kila mara?”

“Juu njo ninyi munalipa bila kubishana. Bisheni, nitawatoa mu mufano.”

Ekatipi, ule mkengeuko wa kawaida unaowatoa watu machozi, niliufundisha kwa wewa wawili, madereva wa pikipiki za kukodi. Wote wanatumia wastani wa dakika ishirini kutoka gare mpaka Baze. Wa kwanza leo kumi na tisa, kesho ishirini, keshokutwa ishirini na moja. Wa pili leo tano, kesho ishirini, keshokutwa thelathini na tano, na shati limechanika. Wastani mmoja. Trei ya mayai utampa nani? Hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosa jibu hilo. Kisha nawaambia: hicho mlichokiogopa kwa yule wa pili, umbali wa kila safari kutoka kwenye wastani wake, ndicho ekatipi inachokipima. Kazi yake ni kukuambia wastani huo unaweza kubeba mayai ao hauwezi.

Na uhusiano kati ya vitu viwili, ile korelasyo yenye herufi r, nilianza na bowa. Bowa ni uyoga wetu, unatoka mvua zikikolea. Mvua zikikolea, pikipiki nazo zinaanguka kwenye matope. Ukiandika kila juma mafungu ya bowa sokoni na pikipiki zilizoanguka, utapata r nzuri, inakaribia moja, ya kupeleka nyumbani na kumwonyesha mke. Basi tukataze bowa ili watu wasivunjike miguu? Walicheka. Mwaka baada ya mwaka walicheka mahali palepale, na mimi niliamini kwamba aliyecheka ameelewa. Siku hizi siamini kicheko cha mtu.

Kisha zikaja kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Umeme ndio ulikuwa na ugomvi nayo. Lakini ilileta tabia mbaya. Zamani mwanafunzi aliyehesabu r kwa mkono alipita juu ya kila namba, akamjua kila mtoto aliyejaza karatasi, akauliza huyu aliyeuza masaa sabini kwa juma analala wapi. Sasa anaingiza, anabonyeza, jibu linatoka limevaa tai. Machine haikatai kitu. Ukiipa ukubwa wa viatu na siku za kuzaliwa itakuletea r na tarakimu tatu baada ya nukta.

Ndipo akaja Mulongo.

Mulongo ni mtoto wa fundi wa reli kutoka Luena, kichwa chepesi, mwenye haraka. Mada ya kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa nzuri na nasema hivyo hadi leo: je, mtoto anayeuza vitu masaa mengi anapata alama ndogo shuleni? Direkta wa kazi yake alikuwa Banza. Mimi nilikuwa msomaji, yule anayesoma kazi kabla ya défense, siku ya kuitetea mbele ya watu, na kuuliza maswali siku hiyo.

Alichagua shule moja ng'ambo ya reli, nitaiacha bila jina. Ilikuwa na zamu mbili. Asubuhi wanakuja watoto wa makarani na walimu. Vitabu wanavyo, uji wamekunywa. Mchana wanakuja wale wakubwa kidogo, walioacha shule wakarudi. Hao wanauza asubuhi ndipo wasome mchana. Asubuhi kuna walimu kadhaa. Mchana kulikuwa na Mama Ngoie peke yake, Mmethodisti tangu tumboni mwa mamake, na chaki iliyobaki.

Mulongo aligawa karatasi zake Jumatatu, akazikusanya Jumamosi. Kwa kila mtoto aliandika juma hili ameuza masaa mangapi, na amepata ngapi kwenye jaribio la Ijumaa. Njia safi, ingekuwa mji mwingine. Hapa kwetu treni haina ratiba, ina tetesi. Mtu wa reli anamnong'oneza shemeji yake, na kabla kichwa hakijapiga honi mji umeshahamia gare na mabeseni. Juma lile, baada ya kukosekana muda mrefu, treni ilifika. Ikafika Jumanne, kichwa kikaharibika, ikakaa mpaka Jumamosi na abiria wake wote. Abiria aliyekwama anakula. Watoto wa mchana walilala na mabeseni palepale kwenye saruji. Ijumaa Mama Ngoie aliwabembeleza wakaja kwenye jaribio, na nusu yao walilalia karatasi.

Mimi sikuyajua haya yote siku Mulongo alipofungua kompyuta yake mbele yangu. Niliona tu namba.

“Mama, r iko nguvu,” alisema. “Iko minus, karibu na moja. Machine yenyewe njo imeileta.”

“Hawa batoto bameuza masaa hamsini kwa juma. Juma gani hii?”

Akataja tarehe. Nikaangalia dari. Nilikuwa nimenunua samaki wakavu juma lile, kwa abiria wa Bukama, na nilikuwa nimebishana nao vizuri.

“Weye, treni ilipoingia, ulikuwa wapi?”

“Minyi? Niliendaka kununua samaki.” Akacheka.

“Basi hata mwenye kufanya utafiti alienda kununua. Mwenye kuuza alikuwa nani?”

Akaacha kucheka.

Nilitoa karatasi ya miraba. Nilimwambia aweke nukta kwa mkono, watoto wa asubuhi kwa bluu, wa mchana kwa nyekundu. Alinung'unika, lakini aliweka. Karatasi ilionyesha mafungu mawili. Juu kushoto bluu: masaa machache, alama nzuri. Chini kulia nyekundu: masaa mengi, alama za usingizi. Katikati hapakuwa na mtu.

Nikafunika bluu kwa kiganja. “Hapa kwa nyekundu, mwenye kuuza zaidi anashindwa zaidi?”

Aliangalia kwa muda. Nukta zilikaa kama mahindi yaliyomwagika. “Hapana.”

Nikafunika nyekundu. “Na hapa?”

“Hapana, Mama.”

“Basi ule mustari wako unatoka wapi?”

“Unatoka mu fungu hii, unaenda ku fungu ile.”

“Njo vile. Umepima asubuhi na mchana. Umepima mwenye vitabu na asiye na vitabu. Umepima treni pia. Biashara haujaipima bado.”

Nilimpa ushauri ambao ningempa mtu yeyote, na nawapa ninyi bila bei. Rudi juma la kawaida, lisilo na treni wala sikukuu. Chukua alama za muhula mzima, usichukue za Ijumaa moja. Hesabu r ya asubuhi peke yake na ya mchana peke yake. Ukizichanganya, sema wazi umechanganya nini. Ilikuwa kazi ya majuma mawili. Alikubali, akanishukuru kwa mikono miwili. Jioni alikwenda kwa direkta wake, na kesho yake alinikwepa kwenye korido kama mtu mwenye deni.

Nilimfuata Banza ofisini. Alikuwa anamenya karanga juu ya gazeti.

“CT, kazi ya Mulongo haijahesabiwa mara mbili.”

“Défense iko Alhamisi, Mama Kalenga.”

“Alhamisi zinakuja kila juma.”

“Komite ya shule inangojea matokeo. Bananiuliza kila siku.”

“Banangojea matokeo, ao banangojea chumba?”

Kwa maana hilo mji wote ulilijua. Komite iliyosimamia ile shule ilikuwa inakitaka kile chumba cha mchana kwa shughuli zake, na ilikuwa inatafuta namna ya kulifunga darasa bila wazazi kupiga kelele.

Alipuliza maganda ya karanga. “Chumba batakikamata hata bila Mulongo. Weye unawaza takwimu njo inafunga madarasa? Banafunga kwanza mu kichwa. Kiisha banatafuta karatasi ya kufunika.”

“Basi juu ya nini karatasi itoke kwetu?”

“Juu mutoto anahitaji diploma yake. Na minyi niko na wengine kumi na wawili nyuma yake. Kaa, kula karanga.”

Sikukaa. Ninachokasirikia hadi leo ni kwamba alisema kweli kuhusu komite. Aliwajua vizuri kuliko mimi, alijua watakachofanya na ile r, akawapa. Angekuwa mjinga ningemsamehe kabla ya kufika nyumbani.

Siku ya défense ukumbi ulijaa. Mnaijua ile hali: shati jipya lenye mikunjo ya dukani, shangazi wamekuja na unga wa kumrushia mshindi na maua ya plastiki, mabeseni ya vyakula yamefunikwa nyuma ya mlango. Mulongo alisoma vizuri. Zamu yangu ilipofika niliuliza swali moja.

“Juma lile la utafiti, treni ilifika ao haikufika?”

Mwenyekiti wa jury, lile jopo la wanaotoa alama, aliniangalia juu ya miwani. “Mama, treni haiko variable.”

Ukumbi ulicheka. Niliwaona watu waliokuwa bado na samaki wa treni ile kwenye rafu ya jikoni, nao wakicheka. Mulongo alimwangalia direkta wake. Direkta aliangalia feni ya dari, ambayo haikuwa inazunguka.

“Nauliza tena,” nilisema. “Batoto bale banauzaka masaa hamsini kila juma, ao ni juma ile tu?”

“Mama Kalenga,” alisema Banza taratibu, “swali limesikika.”

Swali limesikika. Ndivyo tunavyozika swali kwenye ukumbi ule. Mkisikia maneno hayo, jueni maiti imeshafunikwa. Walimpa Mulongo distinction. Mimi sikutia sahihi. Sahihi za wengine zilitosha, na shangazi zake walimrushia unga kichwani mpaka akawa mweupe kama mwokaji.

Komite haikusoma kazi yote. Ilisoma hitimisho, ule ukurasa mmoja unaosema biashara ya watoto inashusha alama. Ikajenga hoja yake: darasa la mchana linamwachia mtoto asubuhi ya kuuza, tukilifunga, ataacha kuuza, atakuja asubuhi. Tangazo likabandikwa mlangoni, na chini yake wameandika kwamba uamuzi huo ni wa kisayansi. Lakini asubuhi hakukuwa na benchi hata moja tupu, na bukari ya jioni, ugali wetu, ilikuwa inatoka kwenye beseni la asubuhi. Kwa hiyo sasa wanauza asubuhi na wanauza mchana. Mtu akija na kompyuta leo atapata r nzuri zaidi.

Mama Ngoie alikuja nyumbani kwangu amevaa nguo ya kanisa, siku isiyo ya kanisa. Alikataa kiti.

“Bananiambia iko r,” alisema. “Minyi nimefundisha ile darasa miaka yote, sijaonaka r anaingia. Alikaa benchi gani?”

“Mama Ngoie, niliwaambia.”

“Uliambia nani?”

“Jury.”

“Jury iko na watoto wangapi pale?”

Nilimsogezea kiti tena. Alikaa mwishowe. Akaniambia habari za Kasongo, kijana mrefu aliyekuwa anauza mayai, aliyebakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa mwisho wa msingi. Alikuwa amempigia hesabu, angefaulu. Sasa Kasongo alikuwa anapita mbele ya shule na beseni lake bila kugeuza shingo.

Tulifanya kazi ile sisi wawili, mimi na yeye, kwa namna ilivyopaswa kufanywa. Alama za muhula uliopita alikuwa nazo. Masaa tuliyatafuta sokoni na kwenye gare, juma lisilo na treni. Andikeni hili, halimo kwenye kitabu chochote cha metodolojia: mtoto anayeuza hamwambii kweli mtu asiyenunua. Ukija na karatasi na kalamu atakuambia anauza saa moja tu, maana anadhani wewe ni wa kodi. Nunua yai, bishana kidogo, likule palepale, kisha uliza, darasa likiwa bado wazi, alikuwa anaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi. Nilikula mayai mpaka nikaogopa kuku. Kila mtoto tulimuuliza siku mbili tofauti, mimi siku moja, Mama Ngoie nyingine, bila kuambiana majibu.

Tulipoweka nukta za mchana peke yake, hapakuwa na mteremko. Mstari ulilala. Watoto waliouza sana na waliouza kidogo walichanganyika juu na chini, na Kasongo, mwenye masaa mengi kuliko wote, alikuwa kule juu. Sisemi kuuza ni kuzuri. Takwimu zangu hazikusema hivyo, na mimi sizisemeshi. Nilisema tu kwamba kazi ya Mulongo haikuonyesha ilichodai kuonyesha, na darasa lilifungwa kwa sababu ambayo haikuwepo.

Nilimpelekea Banza mchoro. Aliushika kwa vidole viwili.

“Défense imeisha, Mama Kalenga.”

“Darasa njo imeisha, CT. Défense ilikuwa ya saa moja tu.”

“Unataka nifanye nini? Nikamate diploma ya mutoto wa bantu?”

“Andika karatasi moja. Sema hitimisho halitoshi kufungia shule.”

“Halafu banauliza nani alitia sahihi.”

“Watauliza. Utajibu.”

Aliweka mchoro mezani, upande wenye nukta ukiangalia chini. Tangu siku ile tunasalimiana kwenye matanga tu, na hata huko naangalia kwanza kama kuna njia nyingine ya kufika kwa wafiwa.

Sasa nimefika sehemu iliyonifanya nikubali kuandika, maana haya ya nyuma ningeweza kuendelea kuyatafuna peke yangu.

Mulongo ndiye anayefundisha somo langu. Mnalijua, mnakaa naye ofisi moja. Nasikia anafundisha vizuri, na kuku wangu bado yumo. Jumapili iliyopita alikuja kwangu baada ya ibada. Mkewe amejifungua juzi, macho yake yalikuwa mekundu ya kutolala. Alikaa ukingoni mwa kiti.

“Mama, bameniita Luena.”

“Nani?”

“Bantu ba mashule. Bako na madarasa ya mchana kule, njia ya migodi ya zamani. Banataka nieleze ile kazi yangu mbele ya mukutano. Kiisha bataamua.”

“Bataamua nini?”

Aliangalia mikono yake.

“Weye unajua kazi ile iko namna gani,” nilimwambia.

“Najua. Nilijua tangu ile siku ulifunika nukta na mukono. Kila mara nafundisha ile somo, naona mukono wako.”

“Basi utaenda kusema nini?”

“Nitaenda kusema kwa akili. Kidogo kidogo. Nitasema matokeo yanahitaji utafiti zaidi.”

“Mulongo, komite haijawahi kusoma hiyo sentensi. Wanairuka kama mimi ninavyoruka hotuba.”

“Mama, nikisema wazi, CT Banza ataanguka na minyi. Nafasi yangu haijakuwa na sahihi ya mwisho. Iko mutoto mu nyumba.” Akasugua macho. “Na kule Luena bananijua. Papa yangu alifanya kazi kule. Bataniangalia namna gani?”

Nilitaka kumpiga. Nawaambia kweli, kiganja kiliwasha. Kisha nikamwona pale ukingoni mwa kiti, yule kijana wa kichwa chepesi, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Wenye miwani waliompa distinction hawakuja naye Jumapili ile. Walimwacha aibebe hiyo r peke yake mpaka Luena.

Nilimwambia nitakwenda Luena mwenyewe, naye akaniomba kitu kimoja: nisiende. Nimwache afike mwenyewe, asome hali ya mkutano, aseme ukweli kwa namna atakayoweza. Kesho yake nilipatana na wewa bei ya safari, kwenda na kurudi, pamoja na mchoro wetu wa nukta na Mama Ngoie nyuma yangu. Nikienda, nitasema yote mbele yake, na mbele ya watu wa baba yake, na kesho yake hana kazi. Nisipoenda, naweka madarasa ya watoto nisiowajua juu ya ulimi wa mtu mwenye haraka aliyewahi kunyamaza mara moja, mbele yangu, ukumbini.

Yeye anajua kwamba nawaandikia. Nimemsomea sehemu inayomhusu, akabadilisha neno moja tu. Mkutano ni juma lijalo. Nimefundisha watu kupima kila kitu, na hili nimelipima mara mbili, kila mara linatoka jibu tofauti. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa naye, mnaomwona kila siku: niende, ao nimwache? Msinitumie maneno ya upole. Mkiona nimwache, niambieni mmeona nini kwake ambacho mimi sijakiona. Na mkiona apewe muda, semeni muda gani, na watoto wa Luena watakaa wapi muda huo.